Nyanya za Rangi Zimegoma? Kata Shina Kabla ya Kupuliza Dawa

Watu wanaopanda nyanya za rangi nyuma ya nyumba hapa Kampala wana malalamiko mawili: "Nimeuziwa mbegu feki" na "Nimepuliza dawa, wapi!" Mbegu feki Uganda zipo, hilo halina ubishi, na dawa kwenye maduka ya pembejeo pale Container Village utazikuta za kila aina. Lakini ukienda kuutazama mmea wenyewe, mara nyingi mbegu haina kosa na dawa haikuwa na kazi ya kufanya pale. Dalili zilikuwepo wazi, hakuna aliyezisoma.

Ninazozungumzia ni zile nyanya za mbegu za kale, ambazo mbegu yake ukiitunza inakurudishia nyanya ileile mwaka hadi mwaka: Brandywine ya waridi, Cherokee Purple, Black Krim, Yellow Pear, Aunt Ruby's German Green na wenzake. Green Zebra nayo watu huihesabu humo, ingawa ilitoka juzi tu, mwaka 1983. Hata Money Maker na Marglobe za kwenye makopo ya duka la pembejeo ni za ukoo huo. Marglobe ilitolewa Marekani mwaka 1925. Chotara, zile zenye F1 kwenye pakiti, nyingi zimewekewa kinga ya magonjwa, na herufi kama V, F na N juu ya pakiti ndizo zinazotaja kinga hizo. Mbegu za kale nyingi hazina hata moja. Kwa hiyo usitegemee zivumilie uzembe ambao chotara huuvumilia.

Kabla ya kushika bomba la dawa, jiulize: umeumwa mmea mmoja au yote? Ugonjwa umeanzia majani ya chini au kileleni? Umechukua usiku mmoja au wiki mbili? Majibu hayo yanapunguza orodha ya washukiwa kwa zaidi ya nusu.

Mbegu hazijaota

Kwenye udongo wa joto la nyuzi 20 hadi 30, nyanya huota ndani ya siku 5 hadi 10. Kampala, Jinja na Mbale wana joto hilo karibu mwaka mzima, kwa hiyo wiki mbili zikipita kimya usisingizie baridi. Kabale ni habari nyingine. Usiku wa Julai kule unauma, na mbegu inaweza kukaa wiki tatu bila kuonyesha kitu. Weka trei ndani, jikoni ikiwezekana.

Fukua mbegu moja uiangalie. Ikiwa imelainika na ukiibonyeza inatoa uji, umeizamisha kwa maji. Ikiwa ngumu na kavu, maji hayajaifikia, au udongo wa juu umegandamana kwa mvua ukawa kama sakafu. Usipoiona kabisa, sisimizi wamepita, au uliizika mbali. Sentimita 1 inatosha.

Kama unashuku mbegu yenyewe, usibishane na muuzaji bila ushahidi. Chukua mbegu 10, zifunge kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu, weka ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), hifadhi mahali pa joto. Zikiota 7 au 8, mbegu ni nzima na tatizo liko kwenye kitalu chako. Isipoota hata moja ndani ya wiki mbili, hapo una la kumwambia muuzaji.

Miche inaanguka shingoni

Asubuhi unakuta mche umelala, na pale shina linapogusana na udongo pamekuwa pembamba kama uzi na pana rangi ya kahawia. Hicho ni kinyausi, kazi ya vimelea vya kwenye udongo vinavyopenda maji na hewa iliyotuama. Uliolala hauinuki tena. Okoa iliyobaki: acha kumwagilia kwa siku moja au mbili, funua kile kifuniko cha plastiki, nyunyiza mchanga mkavu juu ya udongo, na kuanzia hapo mwagilia asubuhi tu. Safari ijayo usitumie udongo mtupu wa bustani kwenye kitalu.

Miche mirefu iliyopauka na kujipinda kuelekea mlangoni haina ugonjwa, inatafuta mwanga. Veranda za Kampala zina vivuli vizito, na mche wa nyanya unataka jua la wazi kwa saa nyingi. Mirefu hiyo usiitupe. Wakati wa kupandikiza zika shina hadi karibu na majani ya juu. Sehemu iliyozikwa itatoa mizizi.

Mmea umenyauka ghafla, majani bado mabichi

Hapa tukae kidogo, maana hili ndilo linalomaliza nyanya nyingi za Uganda, za kale na za dukani.

Mama mmoja wa Bombo aliniita bustanini kwake akiwa amekata tamaa. "Mwanangu, juzi ilikuwa mizima. Mchana ikalegea, usiku ikaamka, leo haiamki. Nimeipulizia dawa ya ukungu mara mbili." Majani hayakuwa na doa wala manjano. Nikamwomba kisu na glasi ya maji safi.

Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hivi, karibu na udongo. Kishike kwa juu ili ncha ya chini iingie tu majini, kisha tulia, usitikise. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe wa maziwa unateremka kutoka kwenye mkato hadi chini ya glasi. Pale Bombo uzi ulianza kushuka kabla hata chai haijamiminwa. Ni bakteria wenyewe hao, Ralstonia, wameziba mirija ya maji ya shina. Dawa ya ukungu haiwagusi, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya mmea huo. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizi, weka kwenye kaveera, toa nje ya bustani, halafu osha jembe, kisu na soli za viatu.

Kinachowakatisha watu tamaa ni kwamba bakteria hao hubaki kwenye udongo kwa miaka. Na bustani ya nyumbani ya Kiganda huwalisha bila kujua: baada ya nyanya mtu anapanda entula (nyanya chungu), baada ya entula biringanya, pembeni nakati ya mboga, kule mwisho viazi ulaya na pilipili. Zote hizo ni jamaa moja, na zote zinaweza kuubeba ugonjwa huo. Ukitaka kuubadilishia udongo mazao kwa maana yake, peleka mahindi, vitunguu au sukuma wiki, na uwe na subira ya misimu kadhaa.

Swali linalofuata huwa ni la migomba: "Si ndio ule ule mnyauko wa matoke?" Hapana. Mnyauko wa migomba, ule uliothibitishwa Uganda mwaka 2001, unaletwa na bakteria wa aina nyingine. Mgomba wako haukuiambukiza nyanya.

Kwa mwenye uwanja mdogo, ushauri wangu ni mmoja: hama kutoka ardhini. Tumia ndoo au jerikeni la lita 20 lililokatwa juu na kutobolewa chini, ujaze udongo usiohusiana na bustani yako. Ila ule udongo mweusi unaouzwa kwa magunia kando ya barabara nao hujui umechotwa wapi, pengine kwenye shamba la nyanya la mtu. Uupike. Weka pipa juu ya moto, maji kidogo chini, udongo wenye unyevu juu ya wavu au mawe, funika. Fukia kiazi kimoja katikati ya udongo. Kikiiva, udongo nao umepata joto la kutosha kuua vimelea. Acha upoe, changanya na mboji iliyoiva vizuri, panda baada ya siku chache.

Njia nyingine ni kuunganisha. Kilele cha mche wa Brandywine kinaungwa juu ya shina la biringanya sugu. EG203, iliyochaguliwa na Kituo cha Mboga cha Dunia, inatumika kwa kazi hiyo kwa sababu huvumilia mnyauko na hata maji yaliyotuama. Inahitaji mkono mtulivu na wembe safi. Mche ulioungwa, ile kanuni ya kuzika shina haiuhusu: ukifukia kiungo, nyanya itatoa mizizi yake na kuuchukua ugonjwa moja kwa moja kutoka ardhini, na kazi yote imekwenda bure.

Je, glasi haikuonyesha uzi wowote? Pasua shina kwa urefu. Ukiona mistari ya kahawia ndani, na majani ya chini yalianza kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea kabla ya mwingine, huo ni mnyauko wa fuzari. Huu huenda polepole. Shina likiwa safi, ng'oa mmea uangalie mizizi: vinundu vilivyovimba kila mahali ni minyoo fundo. Na mizizi ikiwa myeusi, inanuka, maji yametuama, basi umeiua kwa wema.

Majani yana madoa

Angalia ni majani yapi. Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, yakianzia majani makongwe ya chini na kupanda taratibu, ni bakajani tangulia. Vidoa vidogo vingi vyenye kitovu cha kijivu na nukta nyeusi ni septoria. Hivyo vinavua majani, ila tunda haviligusi. Yote mawili unaweza kuishi nayo. Kata majani ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini, tandaza nyasi kavu ili tone la mvua lisirushe udongo kwenye majani, mwagilia chini, na acha nafasi ya sentimita 60 au zaidi kati ya mmea na mmea.

Bakajani chelewa ndiyo ya kuogopa. Mabaka makubwa ya rangi ya majani yaliyochemshwa, asubuhi yenye umande chini yake pana unga mweupe, shina linapata michirizi myeusi, tunda linapata doa gumu la kahawia. Kwenye baridi na mvua mfululizo, Kabale au Kapchorwa, bustani nzima inaweza kwisha ndani ya wiki. Viazi ulaya vya jirani vinaugua ugonjwa huohuo na kuurusha kwa upepo. Hapa dawa ina nafasi yake, mankozebu au ya shaba, lakini kazi yake ni kuzuia. Ukisubiri mabaka yatokee ndipo upulize, umechelewa. Soma kwenye lebo ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma. Nyanya zenye vumbi jeupe la dawa sokoni sote tumeziona, hakuna haja ya kuzizalisha nyumbani.

Mimi kinga ninayoiamini zaidi ni kalenda. Mvua kuu za kusini mwa Uganda ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Watu hupanda mvua inapoanza kwa sababu ndivyo mahindi yanavyopandwa, na nyanya inazaa katikati ya maji. Sia kitaluni mvua zinapoelekea ukingoni, mwishoni mwa Aprili au Oktoba. Wiki 4 hadi 6 baadaye unapandikiza, na matunda yanaiva kiangazi. Utabeba maji, ndiyo, lakini utakula nyanya. Kaskazini, ambako mvua ni msimu mmoja mrefu, hesabu yake ni nyingine na joto la Januari lina mambo yake, tutayaona kwenye rangi.

Majani kujikunja: ya chini yakijiviringa kwa juu, mazito, ya kijani, na kilele kinaendelea kukua, usijali, nyanya nyingi za kale hufanya hivyo kwa jua au baada ya kukatwa machipukizi. Kilele kikidumaa, majani mapya yakiwa madogo, yamekunjika na kingo ni za manjano, hiyo ni virusi inayoletwa na nzi weupe, wengine huiita rasta. Ng'oa. Michoro mipana myeupe ndani ya jani yenye vinyesi vyeusi, na tobo dogo karibu na kikonyo cha tunda, ni kantangaze, Tuta absoluta, nondo aliyeingia Uganda katikati ya miaka ya 2010. Chuma majani hayo kila siku, funga kwenye kaveera, acha juani. Ukiyatupa kwenye jalala, funza wanatoka na kurudi.

Maua yanadondoka

Mmea mrefu, shina nene, majani ya kijani kibichi kabisa, na maua yote chini. Uliza kwanza umetia mbolea gani. Mbolea ya kuku isiyoiva, ikiwa nyingi, hutoa majani matupu. Acha kuongeza, utangoja kidogo maua yatashika.

Sababu nyingine ni hewa. Wakati wa mvua chavua hulowana na kushikamana. Mchana wa nyuzi 35 kaskazini, chavua inakufa. Dawa ya hewa ya Kampala ni kidole: saa nne asubuhi, umande umekauka, gonga kikonyo cha kila kishada cha maua. Kwa joto la Gulu au Arua weka kivuli chepesi cha wavu mchana. Na ujue pia kwamba Brandywine na wenzake wa matunda makubwa si wazazi wepesi. Anayeanza aanze na Yellow Pear au vile vinyanya vidogo. Hivyo huzaa hata ukivisahau.

Tunda limeoza kitako

Doa jeusi, kavu, limedidimia upande wa chini wa tunda, hasa yale ya kwanza na yale marefu. Huu si ugonjwa wala mdudu. Kalisi haikufika mwisho wa tunda, na mara nyingi kilichokosekana ni maji ya kuibeba: leo mafuriko, siku nne ukame. Mmea mkubwa ndani ya ndoo humaliza lita 2 au zaidi siku ya jua kali. Mwagilia kiasi kilekile kila siku, tandaza nyasi, punguza yurea, na usipalilie karibu na shina ukakata mizizi. Maganda ya mayai huchukua muda mrefu mno kuoza. Tunda la leo hayatalisaidia. Yaliyooza yachume uyatupe, yanayofuata huja salama.

Tunda kupasuka ni ndugu wa hilo: mvua kubwa baada ya ukame, ngozi inashindwa kutanuka. Nyanya za kale zina ngozi laini, ndiyo utamu wake na ndiyo shida yake. Mawingu yakikusanyika, chuma kila tunda lililoanza kubadilika rangi. Litaivia ndani, kivulini, bila kupoteza kitu cha maana. Usiliweke kwenye friji. Na yale yenye makovu na mikunjo kitakoni, ya kawaida sehemu za baridi, kata kovu ule.

Rangi siyo ile niliyoiona kwenye picha

Hapa ndipo wauzaji wa mbegu hutukanwa zaidi, wakati mwingine kwa haki.

Nyekundu imetoka ya machungwa. Uko Gulu, ni Januari au Februari? Wekundu wa nyanya unatokana na likopini, na joto likipita nyuzi 30 mmea huacha kuitengeneza vizuri, huku rangi ya njano ikiendelea. Mbegu ni ileile. Chuma tunda likianza tu kugeuka, liivishe ndani ya nyumba penye nyuzi 20 hadi 25, utaona tofauti. Tunda halihitaji jua ili liwe jekundu.

Mabega yamebaki ya kijani. Nyanya nyingi za kale ndivyo zilivyo. Wazalishaji wa mbegu wa karne iliyopita walichagua nyanya zinazoiva rangi moja kuanzia juu hadi chini, na mwaka 2012 wanasayansi walieleza kilichotokea: badiliko lililoondoa mabega ya kijani liliondoa pia sehemu ya sukari ya tunda. Cherokee Purple ukiisubiri mpaka mabega yageuke, chini itakuwa imeshaoza. Lakini mabega yakiwa ya manjano, magumu, na ndani nyama ni nyeupe, hiyo ni joto au upungufu wa potasi. Jivu kidogo husaidia kama udongo wako una asidi. Usimwage ndoo nzima.

"Zambarau" imetoka kahawia. Nyanya hizi "nyeusi" hazina wino wowote. Zina likopini kama nyekundu, ila zinaiva bila kuachia ukijani wao, na vitu hivyo viwili vikichanganyika jicho linaona matope. Iangalie kwa karibu: mwagia tunda maji ya moto, menya kipande cha ngozi, kiinue kuelekea dirishani. Ngozi ikiwa angavu isiyo na rangi, nyanya itaonekana ya zambarau. Ikiwa ya manjano, itaonekana kahawia. Jaribio hilohilo linaitenganisha Brandywine ya waridi na nyekundu ya kawaida: nyama ni moja, kinachotofautiana ni ngozi. Kwa hiyo kama uliahidiwa waridi na ngozi ni ya manjano, basi kweli hukupewa ulichoahidiwa.

Ya kijani haiivi. Green Zebra na Aunt Ruby's German Green huiva zikiwa za kijani. Tumia vidole: ikibonyea kidogo na kitako kimepata rangi ya asali au waridi hafifu, tayari. Nyeupe imekuwa njano: jua limeipata, iache majani yake yaifunike. Ile ya buluu-nyeusi, Indigo Rose, ya Chuo Kikuu cha Oregon State, 2012, si ya kale. Hiyo inataka jua, na kivulini haipati rangi yake.

Tunda lina mabaka, nusu limeiva, nusu gumu la kijivu: rudi kutazama nzi weupe na virusi.

Sasa lawama inayogombanisha majirani: "Nyanya zake nyekundu zimeharibu njano zangu." Haiwezekani kwa tunda la mwaka huu. Tunda ni la mama. Nyuki akileta chavua ya jirani, mabadiliko yanaingia kwenye mbegu iliyo ndani na utayaona msimu ujao. Ukitaka kujua kilichotokea, hesabu mimea. Mmoja tu kati ya mingi umetoka tofauti: mzazi wake alichavushwa na nyingine, na kwa kawaida utakuwa mwekundu, maana wekundu huushinda unjano. Kila mmea una sura yake: mtu amekamua mbegu kutoka tunda la chotara akakuuzia. Yote yanafanana na yote siyo uliyonunua: pakiti ilibadilishwa, na hapo nenda dukani.

Kwa Brandywine huna haja ya kusubiri tunda. Jani lake ni pana lenye ukingo laini, kama la kiazi ulaya. Mche ukifikisha majani machache ya kweli kitaluni na ukaona ukingo wa meno ya msumeno, damu imechanganyika. Utoe siku hiyohiyo.

Mbegu ulizotunza mwenyewe zimeharibika

Kama zilichanganyika, kosa lilikuwa kwenye maua. Vika kishada kimoja kipande cha neti ya mbu kabla maua hayajafunguka, kigonge kila asubuhi, na matunda yakishashika toa neti, funga uzi wa rangi au kipande cha ebyayi (nyuzi kavu za mgomba) kwenye kikonyo ili asichume mtu.

Kama zilioza au hazikuota, kosa lilikuwa jikoni. Kamua mbegu na ute wake kwenye glasi, acha siku 2 au 3 mpaka juu pajenge utando na harufu ichachuke, usipitishe hapo kwa sababu joto letu litaziotesha ndani ya glasi. Osha, zilizozama ndizo nzima. Zianike kwenye sahani kivulini penye upepo, wala si kwenye karatasi, zitanata. Anayehofia magonjwa ya kwenye mbegu anaweza kuziloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, mwenye kipimajoto tu; kukisia kwa kidole kutazipika.

Zikikauka mpaka zikikunjwa zinavunjika, weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kikali, andika jina na mwaka. Kampala unyevu wa hewa ndio adui, kwa hiyo tia ndani ya chupa kitambaa kidogo chenye mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa. Ubadilishe kila mara chupa inapofunguliwa wakati wa mvua.